Mabaka yamekaa miaka 3, na sasa wifi yangu anasema huenda ni saratani

Shikamoo Daktari.

Naandika kwa ajili ya mume wangu, ambaye hajui kuwa naandika, na akijua pengine atanuna siku mbili. Ana umri wa miaka 52, ni mkulima wa zabibu hapa Wilaya ya Chamwino, na katika ndoa yetu yote hajawahi kulazwa hospitali hata siku moja. Miaka 3 iliyopita, baada tu ya mavuno ya mwezi Machi, niliona baka moja juu ya tako lake la kushoto alipokuwa akijifunga taulo. Rangi yake ilikuwa imefifia kuliko ngozi yake ya kawaida, lakini haikuwa nyeupe kabisa. Ilikuwa kama sehemu ya shati iliyopauka kwa kuanikwa sana. Nilidhani ni mba. Baada ya miezi kadhaa yakawa mabaka 4, na leo nimeyahesabu 9: kwenye makalio, kiunoni, ndani ya mapaja, na moja chini ya kwapa. Usoni na mikononi, ambako jua la Dodoma linampiga kutwa, hana hata moja.

Tumehangaika. Kwenye duka la dawa muhimu tulipewa krimu ya fangasi, akaipaka mwezi mzima bila mabadiliko. Zahanati walisema ni upele, tukajipaka dawa familia nzima na kuchemsha nguo na mashuka yote, ingawa hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa akijikuna. Kituo cha afya waliandika pumu ya ngozi na kutupa krimu ya tyubu ndogo ambayo, kama tulivyoelezwa, ina dawa tatu ndani yake. Hiyo ilifanya kazi, mabaka yakafifia na muwasho ukatulia, nasi tukamshukuru Mungu. Tulipoiacha yakarudi palepale, kama yaliyowekewa alama. Tangu hapo tunainunua wenyewe kila tyubu inapoisha. Jirani anasema ni salfa anayopulizia mizabibu, wengine wanalaumu maji ya chumvi, mama mkwe ananong'ona habari za ukoma, na wapo wanaosema ametupiwa jambo.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi uliopita, nikimpaka mafuta, niligundua kuwa baka la paja la kulia limeanza kuwa nene. Unalisikia kwa vidole hata gizani. Nilimtumia picha wifi yangu, ambaye ni muuguzi Dar es Salaam, naye akapiga simu usiku uleule na kusema kuna saratani adimu inayoanza namna hii, twende hospitali ya saratani ya Ocean Road moja kwa moja. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mume wangu anasema dada yake anapenda kutisha watu, kwamba saratani inauma na hili haliumi, na kwamba hawezi kumvulia suruali daktari msichana wa umri wa binti yake.

Naomba unieleze kama wifi yangu ana sababu ya kusema hivyo, kama ugonjwa huo unaambukiza maana tunalala kitanda kimoja, na tuanzie wapi, kwa kuwa hatuna bima na fedha za mavuno ya Agosti bado hazijaingia.

Mke wa mkulima, Chamwino

JIBU

Marahaba, dada yangu.

Wifi yako hakukosea kulitaja jambo hilo, ingawa mtu anayetazama picha kwenye simu usiku hapaswi kutoa hukumu, na mimi ninayesoma barua sipaswi zaidi yake. Ninachoweza kukueleza ni kwa nini habari uliyoiandika inastahili kipimo ambacho kwa miaka 3 hakuna aliyewapatia, nacho ni kukatwa kinyama cha ngozi kikaangaliwe kwa hadubini.

Ugonjwa anaoufikiria wifi yako ni limfoma ya ngozi, na aina yake inayojulikana zaidi huitwa maikosisi fungoidesi. Jina hilo limewapotosha watu kwa karibu miaka 200. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert alimweleza mgonjwa wa namna hiyo mjini Paris mwaka 1806, na kwa kuwa vimbe zilizomtoka zilifanana na uyoga, mwaka 1832 ugonjwa ukapewa jina la uyoga. Hakuna fangasi yoyote ndani yake. Nalitaja hili kwa sababu siku jina hilo likiandikwa kwenye cheti chenu na mkaenda nalo dukani, muuzaji asiyelijua atawapa tena krimu ya fangasi, na atawapa kwa moyo mweupe kabisa.

Kinachotokea ni kwamba kati ya chembe nyeupe za damu, ambazo ni walinzi wa mwili, lipo kundi liitwalo seli T ambalo baadhi yake hufanya doria kwenye ngozi. Katika ugonjwa huu baadhi ya seli hizo hubadilika, huongezeka bila kusikia amri, na kujikusanya katika tabaka la juu la ngozi. Kwa hiyo hii ni saratani ya chembe za damu iliyofanya makazi yake ngozini, tofauti kabisa na ile saratani ya ngozi inayosababishwa na jua na kuwaumiza sana ndugu zetu wenye ualbino. Mabaka yake hupenda mahali ambapo jua halifiki: makalio, kiuno, mapaja, matiti, kwapa. Uliponiandikia kwamba uso na mikono ya mkulima anayeshinda shambani ni safi, na makalio yake yana mabaka, niliisoma sentensi hiyo mara mbili.

Jambo la pili lililonisimamisha ni rangi. Vitabu vingi vya magonjwa ya ngozi viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, ambako baka la ugonjwa huu huwa jekundu, na mhudumu aliyefundishwa kutafuta wekundu hataupata kwenye ngozi ya Mgogo au Mrangi. Kwa watu weusi baka mara nyingi hupauka, au huwa jeusi kuliko ngozi inayolizunguka. La tatu ni kwamba mabaka yamedumu palepale kwa miaka, na la nne, ambalo ndilo linalonifanya nisikubali msubiri zaidi, ni hilo baka moja kuwa nene. Ugonjwa huu huanza na mabaka bapa, ambayo yanaweza kukaa hivyo miaka mingi bila kusogea, kisha kwa baadhi ya watu, tena si wote, hunenepa, na kwa wachache zaidi hutoa vimbe na vidonda. Kutouma si ushahidi wa usalama. Saratani nyingi mwanzoni haziumi, na mumeo amwombe radhi dada yake kwa hilo.

Sasa usichukue maneno haya ukayafanya jibu. Ugonjwa huu ni adimu kweli. Nchini Marekani, ambako wagonjwa huandikishwa, hupatikana wapya takriban 6 kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Watu wengi mno wenye mabaka yasiyoisha wana kitu kingine. Choa huwa na ukingo ulioinuka wa duara na katikati iliyosafika, nayo hubainika kwa kukwangua magamba na kuyatazama kwa hadubini siku hiyohiyo. Mbalanga hufanya ngozi iwe nyeupe kama chaki, haina magamba, na haiwi nene. Pumu ya ngozi hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mara nyingi humjia mtu tangu utotoni. Mtu wa miaka 49 aliyekuwa na ngozi safi maisha yake yote akiianza ghafla kwenye makalio, ni halali kuuliza swali. Upele wa familia mmeshautibu, na ukweli kwamba kwa miaka 3 hujajikuna wewe unayelala naye umeshaufuta kabisa. Kaswende nayo huigiza kila aina ya vipele, kwa hiyo akipimwa damu apimwe kaswende na Virusi vya UKIMWI pia, bila mtu yeyote kuona anatuhumiwa.

Hofu ya mama mkwe siidharau hata kidogo. Ukoma bado upo nchini, nao pia huleta mabaka yaliyopauka. Lipo jambo mnaloweza kulifanya nyumbani leo jioni. Chukua kipande cha pamba, ukisokote mpaka kiwe na ncha laini kama utambi. Mumeo alale kifudifudi afumbe macho, nawe umguse kwa ncha hiyo, mara kwenye baka, mara kwenye ngozi nzima, bila mpangilio wowote, naye kila akihisi aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Akishindwa kuhisi kwenye baka ilhali ngozi ya jirani anaihisi, nendeni zahanati kesho yake na mkaseme hivyo hivyo, kwa sababu ukoma unatibika kwa dawa za miezi 6 au 12 zinazotolewa bure. Akihisi pote, hofu hiyo inapungua sana, ingawa mtaalamu bado atapapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na nyuma ya goti. Ukiwa hapo hapo na tochi ya simu, imulike kutoka ubavuni mwa baka badala ya juu yake. Mwanga wa pembeni huonyesha kile ambacho macho ya mchana hayakioni: magamba membamba, au mikunjo midogo midogo kama karatasi laini iliyofinywa kisha ikanyooshwa. Mikunjo hiyo ikiwepo, mwambie daktari.

Nije kwenye krimu ya dawa tatu, ambayo nina ugomvi nayo wa siku nyingi. Moja ya dawa hizo ni steroidi, na steroidi hutuliza karibu kila kitu kinachowasha, ikiwa pamoja na limfoma yenyewe. Kufifia kwa mabaka kulikowapa furaha hakukuthibitisha kwamba ni pumu ya ngozi. Mbaya zaidi, kinyama kikikatwa kwenye ngozi iliyopakwa steroidi jana, seli zinazotafutwa huwa zimetawanyika, na majibu yanarudi yakisema hakuna kitu. Kwa hiyo aache kuipaka kwenye mabaka kuanzia leo, ili ipite muda wa wiki 2 hadi 4 kabla ya kukatwa. Muwasho utarudi, apake mafuta ya mgando mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na aoge maji ya vuguvugu bila dodoki. Kwa kipupwe hiki cha Dodoma na upepo wake mkavu hata mimi nisiye na baka najikuna.

Ocean Road isiwe kituo chenu cha kwanza. Wao ni watu wa kutibu saratani iliyothibitishwa, na mkifika mikono mitupu mtaulizwa majibu ya kinyama. Anzeni hospitali ya wilaya, muombe rufaa ya kumwona daktari wa ngozi kupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ile ambayo watu wanaiita General, au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kwa kesi ngumu za ngozi nchi hii ina bahati ambayo majirani wengi hawana, yaani kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho kimekuwa kikifundisha wataalamu wa Afrika tangu mwaka 1992. Kwa mtu anayehesabu nauli, hili ni muhimu: kinyama husafiri peke yake. Kinakatwa Dodoma, kinatiwa kwenye kichupa chenye formalini, yaani dawa ya kukihifadhi kisioze, na kinaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia mji mwingine huku mumeo akiendelea kupogoa mizabibu. Kuhusu gharama, kabla ya kulipa chochote ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mtakayokwenda; ipo kwa ajili ya watu waliokwama, na wengi hawaijui mpaka wameshauza mbuzi.

Kukata kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Anachomwa sindano ya ganzi, daktari anazungusha kifaa kidogo mfano wa kalamu yenye mdomo wa mviringo wa milimita 4 hadi 6, anatoa kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mahindi, anashona uzi mmoja au miwili, na mgonjwa anarudi nyumbani akitembea. Ombeni vikatwe viwili au zaidi, kimoja kutoka kwenye lile baka nene na kingine kutoka kwenye baka bapa ambalo halijawahi kupakwa chochote, kama lipo. Ombeni pia kwa adabu kwamba kwenye fomu ya maabara daktari aandike wazi kuwa anashuku limfoma ya ngozi, kwa sababu anayetazama hadubini bila kuambiwa anachotafuta anaweza kuona dalili za pumu ya ngozi na kuishia hapo. Kinyama cha kwanza kikisema ni pumu ya ngozi tu, na mabaka yakaendelea, jambo halijaisha. Hata katika nchi zenye kila kifaa, kwa kawaida hupita miaka 3 hadi 6 tangu baka la kwanza mpaka ugonjwa huu ujulikane, na wagonjwa wengi hukatwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo usiwalaani wahudumu waliowapa majina matatu tofauti. Lawama ningeiweka kwa yule ambaye, akishajua matibabu matatu yameshindwa, anaandika la nne bila kukata.

Suala la suruali nalichukulia kwa uzito wake, kwa kuwa nimeona wanaume wengi wakimwonyesha daktari mkono tu na kurudi nyumbani na dawa ya mkono. Anayo haki ya kuomba mhudumu wa kiume, na anayo haki ya wewe kuwamo chumbani. Lakini mwili wote uonekane, mbele na nyuma, na tezi za kinena, kwapa na shingo zipapaswe. Mpunguzie kazi ya kueleza: piga picha za mabaka yote kwa mwanga wa mchana, weka sarafu ya shilingi 200 kando ya kila baka ili ukubwa uonekane, na andika kwenye karatasi moja tarehe ya baka la kwanza, kila dawa iliyotumika na kilichotokea ilipoachwa. Muingiapo, anza wewe: "Daktari, ana mabaka sehemu za mwili zinazofunikwa na nguo kwa miaka 3, dawa tatu zimeshindwa, moja limeanza kuwa nene, na tumekuja kuomba akatwe kinyama." Daktari mwenye foleni ya watu 60 nje atakushukuru.

Yakithibitika, usione jeneza. Kiganja cha mumeo pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake yote. Pima kwa macho: mabaka yote 9 yakiunganishwa yanajaza viganja vingapi? Yakiwa chini ya 10, na daktari asipokuta vimbe wala ugonjwa kwenye tezi na damu, hiyo ndiyo hatua ya mwanzo kabisa, na watu wa hatua hiyo kwa kawaida huishi umri uleule ambao wangeishi bila ugonjwa. Tiba yake hulenga ngozi: steroidi kali, safari hii kwa mpango na usimamizi, au mionzi ya mwanga ya hospitali inayotolewa mara 2 au 3 kwa wiki kwa miezi kadhaa, na mabaka ya kupauka huitikia mwanga vizuri. Asijaribu kuiga kwa kujianika uchi nyuma ya nyumba. Mwanga wa hospitali ni wa kipimo. Zile dawa nzito za kuchomwa mshipani zinazoangusha nywele haziharakishwi. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 103 na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa kuwapiga kwa dawa kali tangu mwanzo hakukurefusha maisha kuliko kwenda taratibu. Ocean Road na mionzi yao huhitajika pale baka linapogeuka uvimbe au ugonjwa unapoenea, na hapo rufaa yenu itakuwa na majibu mkononi. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hautoki moja kwa moja. Hutulizwa, ukarudi, ukatulizwa tena, kama watu wanavyoishi na presha.

Hauambukizi kwa kitanda, taulo, sabuni wala tendo la ndoa, na kwa kawaida haurithiwi na watoto. Hakuna aliyeuletea nyumbani kwenu. Salfa inaweza kuwasha ngozi, lakini ingeanza na mikono na shingo inapomwagikia. Maji ya chumvi hukausha ngozi ya mwili mzima na hayachagui makalio. Hata hivyo avae glavu na shati la mikono mirefu anapopuliza, kwa faida yake nyingine.

Msisubiri foleni ya rufaa ikiwa baka nene litageuka uvimbe au kidonda, ikiwa mitoki itavimba kwenye kinena au kwapa, ikiwa ngozi ya mwili mzima itawaka na kubanduka, au akianza homa na kukonda. Hapo ni hospitali siku ileile.

Najua atasema kwanza avune. Wiki 4 za kuacha krimu zinaisha kabla zabibu za Agosti hazijaiva, kwa hiyo mwambie tyubu iliyopo dirishani aitupe usiku huu, nawe uandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani.